Kodi ya Chumba Kwa Mumia

Sisi watu wa pwani tukitaja nyumba ya kupanga, fikira zetu huenda Majengo, Kisauni na Likoni, ama Nairobi kwa wale wetu waliokwenda kutafuta riziki huko. Hatudhani kamwe kwamba huko bara magharibi, mashambani, ambako yasemekana kila mtu ana shamba la baba yake, kuna watu wakosao usingizi kwa sababu ya kodi ya chumba. Hata nami nalikuwa katika dhana hiyo hiyo mpaka nilipompeleka binti wa dada yangu Kakamega kuanza masomo ya chuo kikuu.

Tulifika asubuhi, tumechoka kwa safari ya mchana na usiku, mvua ya jana ingali matopeni. Kijana alikuwa na barua yake ya kuitwa chuoni na sanduku la bati, na mimi nilikuwa na imani kwamba atapewa kitanda kama tulivyokuwa tukisikia zamani. Kumbe vyuo vyetu vya serikali siku hizi havina vitanda vya kuwatosha wanafunzi wote, na walio wengi hujitafutia nje. Basi tukaanza kuzunguka, Lurambi, kisha Kefinco. Jina hili la Kefinco usidhani ni la Kiluhya, ndugu msomaji. Ni la mradi wa maji wa Wafini waliokuja kuchimba visima katika Mkoa wa Magharibi miaka ya 1980. Wafini wamekwenda zao, jina limebaki, na maji ndiyo hayo hayo ambayo mwenye nyumba hukutajia kwanza anapotaka kuipandisha kodi.

Chumba kitupu cha futi kumi kwa kumi, choo na bafu kugawana na milango minane, tulitajiwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kile kiitwacho bedsita, chenye choo chake ndani na kijiko kidogo cha kuoshea vyombo, kilianzia 5,500 na kupanda mpaka 7,000 kwa kadiri ulivyolikaribia lango la chuo. Na si kulipa mwezi kwa mwezi. Wataka muhula mzima mkononi, na amana juu yake. Binti alikuwa na sharti moja tu, nalo kwangu lilikuwa sharti la haki: asishike foleni ya bomba moja na wanaume alfajiri akitaka kutia udhu. Sharti hilo moja lilitutoa katika vyumba vya 3,000 na kutuingiza katika vya 5,500. Hiyo tofauti ya shilingi 2,500 naliibeba kichwani siku nzima, nikiigeuza na kuipindua.

Swali nililojiuliza ni hili: Kakamega ni kaunti ya shamba. Mahindi yako mpaka mlangoni mwa benki. Ni kitu gani kinachoipandisha kodi mahali kama hapa?

Jibu la kwanza ni hesabu ya watu. Katika sensa ya 2019 kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, yaani zaidi ya 600 katika kila kilomita mraba moja. Mlinganishe na Lamu yetu, ambayo kaunti nzima ilihesabiwa watu 143,920, na ardhi yake ni kubwa mara mbili ya ile. Huko shamba la babu liligawanywa kwa wana, la wana likagawanywa kwa wajukuu, na sasa mjukuu ana kipande ambacho akipanda mahindi hapati mahali pa kuanika nguo. Ardhi ikiwa nyembamba hivyo, hekima ya mwenyewe humwambia asilime tena. Hukata ukanda wa mbele, ule unaogusa barabara, akajenga safu ya vyumba kumi vya matofali na bati, akaviita ploti. Vyumba kumi havihitaji palizi wala mbolea.

Jibu la pili ni mishahara. Mji wa Kakamega ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi kwa miaka 50, kutoka 1963 mpaka 2013, na serikali za kaunti zilipoanza ukawa makao ya kaunti. Wakaja makarani wapya, madereva, wauguzi. Kabla ya hapo chuo kilikuwa kimekwisha kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kwa jina la Masinde Muliro. Watu hawa wote hupokea pesa kutoka mbali, karani kutoka hazina ya Nairobi, mwanafunzi kutoka bodi ya mikopo au kwa mjomba wake wa Mombasa. Kodi ya Lurambi haipimwi kwa mfuko wa mkulima wa Lurambi. Hupimwa kwa mifuko ya wageni, na mwenyeji asiye na mshahara akitaka chumba hapo hulipa bei ya mgeni.

Nayasema haya kwa sababu siku ya tatu yake, Ijumaa, nalikwenda Mumias kuswali na kumwamkua mtu tuliyesoma naye chuoni, nami nikaona kinyume cha yote niliyoyaona Kakamega, katika kaunti ile ile, safari isiyofika saa moja kwa matatu.

Mumias si mahali pageni kwa watu wa pwani. Wazee wetu waliokwenda na misafara hawakupaita Mumias, walisema Kwa Mumia, kwa jina la Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyefariki mwaka 1949 akiwa mzee wa miaka mingi. Hapo ndipo walipopumzika, wakanunua vyakula na pembe, na kujitayarisha kwa njia ya kwenda Buganda. Wengine hawakurudi. Walioa, wakajenga, wakasomesha Kurani, na jamaa wengi wa nyumba ya Nabongo wakaingia katika dini. Waingereza nao wakapafanya kituo chao, kisha reli ikaenda Kisumu mwaka 1901 na kupaacha kando, na mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishiwa Kakamega. Lakini adhana haikuhama. Ukifika leo utasikia Kiswahili cha kizee kilichochanganyika na Kiwanga, na utaona nyumba za ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, sawasawa na zetu za Majengo, isipokuwa mbele yake si mkadi wala mnazi, ni miwa.

Na ni hiyo miwa iliyojenga na kubomoa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliasisiwa mwaka 1971 na kuanza kusaga mwaka 1973. Katika siku zake njema zaidi ya nusu ya sukari ya nchi hii ilitoka kwake. Fikiri mji mdogo wa Wawanga uingiwe ghafula na wahandisi, madereva wa matrekta, wakata miwa kutoka kila kona, walimu wa watoto wao, wauza nguo na wauza chai. Kila mmoja wao ataka pa kulala. Mkulima alipolipwa miwa yake, ambayo huchukua mwaka mmoja na nusu hivi shambani, alipata fungu kubwa kwa mara moja, na fungu kubwa mkononi humtuma mtu kujenga. Ploti za Mumias zilijengwa kwa sukari, na kodi yake ikalipwa kwa sukari.

Kisha yakatokea yaliyotokea. Hisa ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2001, na wapo wa pwani walionunua, nawajua. Deni likapanda, mitambo ikanyamaza, mwaka 2019 benki iliyodai ikamweka meneja mrasimu, mwaka 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya kutoka Uganda, shauri likaingia mahakamani, na mwaka 2022 moshi ukaonekana tena. Tangu hapo husaga kikasimama, kwa kuwa miwa yenyewe haitoshi, wakulima waliing'oa siku za dhiki wakapanda mahindi. Sitaki kuingia katika lawama za nani alikula nini, magazeti yamekwisha kuandika na mahakama zina majalada. Mimi natazama vyumba.

Rafiki yangu alinitembeza katika ploti moja ya vyumba kumi na viwili. Vinne vilikuwa na watu. Viwili vilikuwa na kuku. Sita vilikuwa na kufuli zilizoota kutu. Kodi ni shilingi 1,200, na mwenyewe husubiri mpaka tarehe 20 akaridhika akipewa 800. Ile ile bati, yale yale matofali, futi zile zile kumi kwa kumi ambazo Lurambi ni 3,000. Mwenye ploti ni mstaafu wa kiwanda, na alipokwisha kutuonyesha alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kulalama, "Nilijenga nikifikiri miwa haiishi."

Basi hapa ndipo mtu aweza kuipima sheria. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayomkataza mwenye nyumba kupandisha kodi atakavyo au kumtoa mpangaji atakavyo pasipo baraza la kodi kukubali. Lakini sheria hiyo yahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kiwango hicho hakijaguswa kwa zaidi ya miaka 30. Nairobi ni watu wachache mno waliobaki chini yake. Bedsita ya binti yetu imo nje. Waliobaki ndani ya kivuli cha sheria hii ni watu kama wale wanne wa Mumias, ambao kodi yao haipandi hata hivyo. Sheria imemfuata asiyeihitaji na kumwacha anayeihitaji. Mwaka 2021 ulitungwa mswada wa kuzikusanya sheria hizi na kuzifanya moja, na mpaka naandika haya, sheria ni ile ile ya zamani.

Ama kodi ya serikali juu ya kodi ya nyumba, ina hesabu yake ya kuchekesha. Mwenye nyumba apataye kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya hizo tangu Januari 2024. Mzee wa Mumias, hata vyumba vyake vyote kumi na viwili vikijaa kwa 1,200, hapati zaidi ya 172,800, hatozwi. Wa Lurambi mwenye vyumba kumi vya 5,000 hupata 600,000, na fungu la serikali ni 45,000. Gawanya kwa vyumba kumi na miezi kumi na miwili, ni shilingi 375 kwa kila chumba kila mwezi. Ni nani azilipaye hizo 375? Mwenye nyumba huzipeleka, lakini hutoka katika mkoba wa mwanafunzi.

Na si hizo tu. Ploti nyingi za karibu na chuo hujengwa kwa mkopo wa benki au wa chama cha akiba. Sisi tumefundishwa tangu kwa mwalimu tukiwa na vibao kwamba riba hailiwi wala hailishwi, na wengi wetu twajisifu kwamba hatukukopa. Lakini mtu aliyekopa akajenga atatafuta faida ya benki wapi, kama si katika kodi? Binti yetu hakuweka sahihi mahali popote, lakini kila mwezi sehemu ya pesa zake yaenda kulipa riba ya mtu mwingine. Sisemi ni dhambi yake, hata kidogo. Nasema mashekhe wetu wanaojibu maswali ya riba kila Ramadhani wangefanya vyema kulitazama na hili la nyumba, hasa kwa kuwa vijana wetu wako huko kwa mamia.

Kitu kimoja kilinikasirisha, nacho nitakieleza. Katika mji mmoja wa kaunti hiyo, sitautaja, nalimkuta kijana ameketi juu ya godoro lake nje ya chumba kisichokuwa na mlango. Si kwamba ulivunjika. Mwenye nyumba aliung'oa yeye mwenyewe kwa kuwa kodi ya miezi miwili haikulipwa. Mvua ya Kakamega, ambayo hunyesha alasiri karibu kila siku katika msimu wake, iliingia mpaka kitandani. Majirani walipita wakitazama pembeni. Nilipomwuliza kama amekwenda kwa baraza la kodi alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za Uchina.

Deni ni deni, na mwenye deni ana haki ya kudai. Lakini nalikumbuka mlango wa ijara katika vitabu vya Kishafii tulivyosomeshwa. Imam Nawawi katika Minhaj ameliweka wazi jambo hili: ufunguo ni wajibu kukabidhiwa mpangaji, matengenezo ni juu ya mwenye nyumba, na asipoharakisha kutengeneza mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Mwanachuoni huyo alifariki karne ya kumi na tatu ya Miladi. Alijua kwamba kinachouzwa katika ijara ni manufaa ya nyumba, si kuta zake, na nyumba isiyo na mlango imeondolewa manufaa yake. Pale mwenye nyumba alipoung'oa mlango, kodi ya siku zile za mvua yaidai kwa kitu gani?

Kijana huyo alikuwa mzaliwa wa hapo hapo kaunti. Boma la baba yake liko upande wa Shinyalu, mwendo mfupi kwa bodaboda. Kwa nini basi asirudi kwao? Nalimwuliza hivyo, na jibu lake lilinifundisha zaidi ya yote niliyoyasikia safari hiyo. Mtoto wa kiume wa Kiluhya akishabalehe halali tena katika nyumba ya wazazi wake. Hujengewa isimba, kibanda chake. Kaka zake wanne wamekwisha kujenga zao na kuoa, na pahali pa isimba ya tano hapako tena. Ana kwao, lakini hana pa kulala kwao. Ndiyo sababu vyumba hivi vya ploti, ambavyo sisi tunavidhania ni vya wageni, vimejaa wenyeji waliofukuzwa na wingi wao wenyewe.

Na bado hasemi chumba chake ni nyumbani. Ijumaa jioni ploti huwa tupu, watu wamekwenda mazishini vijijini, kwa kuwa wiki haipiti bila jeneza na ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Mtu ataishi katika chumba cha kupanga miaka 30, na akifa hazikwi ila kwa baba yake. Wakenya wa umri wangu hawajasahau kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi, ukoo ukataka Siaya, na hoja kubwa ya ukoo ilikuwa kwamba Nairobi alikuwa na nyumba, lakini nyumbani kwake ni Nyalgunga. Ukoo ukashinda, akazikwa huko Mei 1987. Waluo na Waluhya si watu wamoja, lakini katika hili husikilizana.

Yapasa serikali ilifikiri hilo, maana kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kwa sheria ya 2023 iliyokwenda mahakamani ikarudi kwa sura mpya mwaka 2024. Mwalimu wa Mumias hukatwa kama wa Mombasa. Nyumba hizo ni za ghorofa, za kununuliwa pole pole. Mtu wa Nairobi huenda akazipenda. Mtu ambaye kijijini kwao ana deni la kujenga kabla hajafa, asije akazikwa mahali pasipo na nyumba yake, atainunua ya ghorofani ya nini? Atakuwa amenunua nyumba na bado hana nyumbani. Nadhani, na ni dhana yangu tu, kwamba pesa zile zingemfaa zaidi zikimpunguzia kodi ya chumba cha leo.

Kabla sijaondoka Mumias rafiki yangu alinipeleka kwa bibi mmoja wa miaka themanini na zaidi, mwenye nyumba ya vyumba sita kama nilivyoeleza, ambayo hupangisha vitatu kwa walimu wa madrasa na muuza mitumba. Kodi hupokea kila Ijumaa kidogo kidogo, huandika kwa herufi za Kiarabu katika daftari la shule. Aliposikia natoka Mvita alinishika mkono akaniketisha.

"Mwanangu," akaniambia, "babu yangu mzaa baba alikuja na msafara. Aliacha nyumba Mombasa, ya mawe, karibu na msikiti. Hakurudi tena. Je, hiyo nyumba nani apokea kodi yake?"

Nilimwuliza jina la msikiti. Halijui. Nikamwuliza jina la baba wa babu yake, akanitajia, nami nimeliandika. Tangu nirudi nimelipeleka barazani mara tatu. Mzee mmoja asema yamkini ni Kibokoni, mwingine asema nyumba nyingi za aina hiyo zilikwisha kuwekwa wakfu au kuuzwa na waliobaki, wa tatu aliniuliza kwa ukali ni nani aliyenituma. Na juzi binti wa dada yangu amepiga simu kutoka Kefinco: mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni, kuanzia muhula ujao ni 6,000.